Niliuza Kingereza Kama Nyongeza ya Samaki

Mama Paska,

Wewe mwenye unasaidia watu kwa gazeti kila wiki, wiki hii saidia mjinga moja. Nakusalimia sana, na yule anakusomea barua kama macho imechoka namusalimia pia na kumupa pole, sababu mwandiko yangu ni kama kuku imepita na matope. Nakuomba ufiche jina yangu. Sema tu ni mutu wa samaki wa Arua, tuko wengi. Hata majina ya hawa wengine nimebadilisha, Rabia haitwi Rabia na muzee haitwi Kamisi, lakini wangekuwa wanaitwa hivyo ingewafaa.

Mama, masomo yangu iko fupi kama suruali ya mutoto wa shule. Mwaka wa sabini na tisa nilikuwa primary four, ticha alikuwa ameanza kutufundisha "I am going, you are going, we are going", na kabla hajafika mwisho vita ikaingia na sisi wote tukaenda kweli, mbio, ticha mwenyewe mbele, mpaka Zaire. Kingereza yangu ikabaki pale pale, kwa kwenda. Miaka yenye tulikaa Aru, kule kule Zaire, nilijifunza kuuza mafuta, kuuza sabuni, kuuza chumvi, nikajua Kilingala ya kupunguza bei na Kifaransa kidogo ya kusalimia askari, na usisahau hiyo Kifaransa, sababu ndiyo ilinitia kwa shimo.

Tuliporudi nyumbani nikaingia biashara ya samaki. Nanunua samaki ya angara ya kukauka hapa Arua kwa watu wa Panyimur, napanda lori, nauza Koboko siku ya soko, Jumamosi. Sasa siku moja hapa Arua mvua ikanifukuza na kikapu yangu mpaka hall ya kanisa, nikakuta watu wazima wamekaa kwa benchi ya watoto, magoti karibu na masikio, na mwalimu mwanamke anaitwa Ayikoru anaandika kwa ubao. Akaniangalia, akasema samaki ikae nje, mwenye samaki akae ndani na afunge mdomo. Nikakaa. Mvua ikaisha, mimi sikutoka, na tangu hiyo siku kila Jumatano jioni niko kwa ile benchi.

Pale ndiyo nilijua kwamba Kingereza haikunisubiri. Niliacha kitu moja rahisi, "going", nikarudi nikakuta imezaa. Kuna "go", halafu kuna "went", na ukiwaweka pamoja hakuna mutu anaweza kusema hawa ni ndugu. Kuna "is" na "was" na "been", kumbe ni mutu moja anabadilisha nguo. Kuna "do" mwenye anakuja kusimama mbele ya maswali kama askari wa geti, ukiuliza anafanya nini hapo, wanakuambia hafanyi kitu, lakini ukimuondoa swali inakataa kupita. Severino, fundi baiskeli mwenye tunakaa benchi moja, alisema mutu mwenye alitengeneza hii lugha alikuwa na hasira na jirani yake. Lakini mimi niliipenda, Mama, sijui kwa nini, niliipenda kama mutu anapenda mbwa mwenye anamuuma.

Sasa Koboko. Wewe unajua mutu akinunua samaki lazima aombe nyongeza, na mimi nyongeza yangu huwa ni ile samaki ndogo ya chini ya kikapu. Siku moja ilikuwa imeisha, na mama mwenye alinunua hakutaka kuondoka, amesimama na mkono wazi, watu wanaangalia. Nikamuambia, mama, leo nyongeza yako ni sentensi, shika: "The fish was in the water." Akacheka, akairudia, akaenda nayo nyumbani. Jumamosi ingine akarudi na dada yake, wanataka yenye inafuata.

Nilifurahi kama mutu mwenye ameokota kisima. Jumatano nachukua Kingereza kwa Ayikoru, Jumamosi nauza Koboko kabla haijapoa. Watu wakaanza kununua samaki ndiyo wapate sentensi, wengine hawakuwa wanakula angara kabisa. Wanawake ndiyo walikuwa wengi, wake za askari wa zamani, na watu wazima wenye walipotezea shule yao Zaire kama mimi. Wakaniita Ticha. Mama, mutu akiitwa Ticha mara ya kwanza anaangalia nyuma aone nani amekuja. Mara ya pili anaitika. Mara ya tatu ananunua kalamu anaiweka kwa mfuko wa shati, hata kama haina wino.

Rabia alikuwa anauza chai karibu na mahali yangu, na ndiye alisema hii maneno ya kusomea kwa harufu ya samaki haifai, tuende kwa baraza ya baba yake, Muzee Kamisi. Huyo Rabia amemaliza primary seven akiwa mukubwa, alikaa na watoto wenye walikuwa wanamuita mama, na hakuona haya. Akikuuliza kitu anakuangalia mpaka umalize kujibu. Mimi nilianza kuoga kila Jumamosi asubuhi, na wenzangu wa lori walijua kabla yangu.

Baba yake alikuwa sajini kwa jeshi ya zamani. Watu wa Koboko wanakumbuka akipita na buti, na watoto wanasimama. Halafu vita ikageuka, akavuka na familia, na kule Zaire alilima mihogo ya watu ndiyo wakule. Tangu arudi hana jeshi, hana pensheni, akienda kwa ofisi vijana wanamuambia wewe muzee ngoja huko, na anangoja huko. Wakati darasa ilikuja kwa baraza yake alikuwa anakaa ndani na redio yake, anajifanya hasikii.

Hapo ndipo shida ikaja. Mwalimu Ayikoru alikuwa ametuambia Jumatano inayokuja ni siku ya "had", na hii "had" ni kitu ngumu, mwenye hatakuja asinililie. Mimi kwa kiburi nikatangaza Koboko: Jumamosi ingine nawaletea "had", mje wote. Halafu ile wiki lori yetu ikakwama kwa matope karibu na Maracha, tukalala huko kama magunia, Jumatano ikanipita. Jumamosi nikafika Koboko na samaki, bila "had".

Watu walijaa. Wengine walileta shemeji. Na Muzee Kamisi, kwa mara ya kwanza, akatoka na kiti yake akakaa mbele, mikono juu ya fimbo, akasema:

"Ticha, hapana zunguka. Hii 'had' yako ni ya nani?"

Mama Paska, ningesema lori ilikwama. Ni maneno mbili tu. Lakini Rabia ananiangalia vile anaangalia, na muzee ananiangalia kama niko kwa gwaride na kifungo moja imepotea. Hapo Kifaransa ikanijia. Kule Aru askari moja alinipiga kofi sababu nilimuita "tu", na mutu mukubwa anaitwa "vous", na hiyo kofi ilinifundisha kwamba kwa lugha ya Wazungu mudogo iko na neno yake na mukubwa iko na yake. Nikajiambia hawa Wazungu wote ni ukoo moja, haiwezekani Mufaransa awe na heshima na Mwingereza akose. Nikasafisha koo. Nikasema:

"Ni ya wakubwa, Afande."

Na nikaendelea, sababu mimi nikianza sijui kusimama. Nikafundisha kwamba kitu ndogo ikifanya kitu inafanya tu, lakini mutu wa heshima akifanya lazima umuwekee "had" mbele, kama gari ya mukubwa yenye inatanguliwa na pikipiki. Kuku ikija ni "came". Baba akija ni "had come". Rabia akasimama kujaribu. "The chicken came. My father had come."

Muzee akainamisha kichwa kidogo, halafu akamuambia, polepole, "Rudia."

Akarudia. Na muzee, Mama, alitoa leso akajifanya ni vumbi.

Kutoka siku hiyo alianza kuja na shati ya kupigwa pasi. Anakaa mbele, hasomi, anasikiliza tu kama jina yake itapita na pikipiki yake. Watu wakaanza kumuwekea makusudi. Hata wanaume wenye hawakuwa wananunua samaki wakipita wanasema "had" moja kwa upande wake, na yeye anaitika kwa fimbo. Hiyo kitu ikatoka kwa baraza ikaingia mji. Mke wa mwana mdogo hakumupa mama mukwe "had", wakanuniana mpaka ndugu wakaitwa. Madinah, mwanafunzi yangu mwenye ulimi, aligombana na bwana yake, akasimama nje asikiwe na majirani wote akasema mbuzi "had eaten" na bwana yake "ate", na yule bwana, mwenye hajui Kingereza hata kidogo, akajua ametukanwa, akanitafuta kwa soko na mti ya kuni. Nilimupa angara mbili kubwa na "had" ya bure.

Mimi sikujua kama nimedanganya, nilifikiri labda nimebahatisha. Lakini Jumatano moja, wiki nyingi zimepita, nilikuwa na furaha sana nikainua mkono kwa Mwalimu Ayikoru, nikamuuliza kama mufalme anapata "had" moja ama mbili. Akaniuliza mufalme gani. Nikaeleza. Mama, watu wa ile hall walicheka mpaka Severino akaanguka kutoka kwa benchi, na ile benchi iko chini sana, mutu lazima ajitahidi ndiyo aanguke. Mwalimu mwenyewe hakucheka. Akasema "had" haiangalii uso ya mutu. Vitu mbili vimepita, moja ilipita kwanza, hiyo ya kwanza ndiyo inashika "had", ikiwa ni ya jogoo, ikiwa ni ya mwizi. Kwa dakika kidogo, na nasema hii kwa aibu, nilifikiri ni Kingereza yenyewe ndiyo imekosea, sababu yangu ilikuwa na adabu zaidi.

Sasa shida yenyewe. Rabia ameitwa intaviu hapa Arua, kwa chuo chenye kinafundisha watu kuwa walimu wa watoto wadogo. Wanachukua wachache, na wale wenye walipoteza miaka Zaire wamepewa nafasi hii mara moja, mwaka ujao umri yake itakuwa imepita. Wataandika kompozisheni kwa Kingereza, kuhusu mutu wa familia. Yeye ameandika ya kujizoeza, kuhusu baba yake, mwanzo mpaka mwisho. Jumamosi yenye imepita alinisomea. Mama yake na kuku wao wameenda kawaida kwa miguu, na baba yake amepita kila mahali na "had", alipoamka, alipokula, alipokohoa. Muzee alikuwa nyuma ya mlango anasikiliza, nilimuona vidole vya miguu.

Alipomaliza akaniambia:

"Ticha, kama iko na makosa niambie leo. Huko sitakuwa na wewe."

Na mimi, mwenye nilikuwa najua, mwenye nilikuwa nimeshachekwa na hall nzima, nikasema:

"Iko sawa kabisa."

Tangu hiyo siku samaki yangu mwenyewe haishuki kwa koo. Intaviu ni Jumatatu yenye inafuata gazeti yako ikitoka. Na muzee ameniita pembeni akaniambia Rabia akirudi kutoka Arua, nije na wazee wangu tuongee, na wewe unajua hiyo ni kuongea gani. Nikimuambia Rabia ukweli, atanifukuza, na ile "had" ya baba yake itavuliwa mbele ya watu kama vile tepe zake za usajini zilivuliwa, na safari hii ni mimi ndiyo navua. Nikinyamaza, ataenda kukaa mbele ya watu wenye wamesoma, na watamucheka kama nilivyochekwa, lakini yeye hana benchi ingine ya kurudia.

Nimefikiri njia zangu. Moja, nimuambie Wazungu wamebadilisha Kingereza wiki hii, imetangazwa kwa redio, kama vile noti za zamani zilikufa pesa ikabadilishwa, na "had" ya zamani haipiti tena. Ya pili, nipate malaria mpaka intaviu ipite. Ya tatu ni ya aibu, niongee na dereva wa lori asimuchukue hiyo siku, akose kabisa, angalau asichekwe. Severino anasema ya kwanza ndiyo iko na akili.

Mama Paska, unione kama mutoto yako mwenye amepanda mti na ameogopa kushuka. Niseme, ninyamaze, ama nirudi Zaire?

Ni mimi, mutu wa samaki, Arua.

*

Mama Paska anajibu:

Wewe mutu wa samaki, nilicheka kwa barua yako mpaka mtoto wangu akaja kuuliza nani amekufa. Nikaisoma mara ya pili, sikucheka. Kwa hiyo sikia mambo yote mawili.

Zaire uiache, haijakukosea. Malaria pia uiache, inakuja yenyewe. Hiyo ya redio na noti za zamani naona unaipenda, inakufanya ucheke hata ukiiandika, na ndiyo mbaya, kwa sababu utaingia tena kwa baraza na uongo mpya umeshika mkono wa uongo wa zamani, na Rabia ataukubali, kwa sababu anakuamini. Wewe unataka kuitumia mara ya pili ile ile imani aliyokupa. Na huyo Severino, mwambie atengeneze baiskeli.

Ya tatu sitaki hata kuigusa, lakini nitaigusa. Msichana amekaa darasani na watoto wadogo bila kuona haya, ameuza chai sokoni, amepewa mlango mmoja, na wewe unafikiri kumzuilia lori ili asichekwe. Hapana, kijana. Hiyo ungeifanya ili usichekwe wewe. Kama ulishaongea na dereva, leo hii mrudie umwambie umefuta, na siku ya safari usimame pale pale umwone Rabia akipanda.

Unasema unamwogopea muzee. Nusu ya hiyo naiamini, kwa sababu umeandika juu ya leso yake vizuri, na mtu asiye na moyo hangeiona. Nusu ingine, umejificha nyuma ya shati yake ya pasi. Muzee Kamisi ameona mambo makubwa kuliko wewe. Alivuliwa tepe na serikali, akashika jembe, akalisha watoto. Unafikiri neno moja la Kingereza ndilo litamwangusha? Kitakachomwangusha ni binti yake kurudi kutoka Arua na uso chini, na yeye kugundua baadaye kwamba Ticha alijua.

Sasa fanya hivi. Usingoje Jumamosi. Panda lori Ijumaa, bila kikapu, watu waone umekuja kwa kitu kingine. Nenda kwa Rabia kwanza, mchana, mama yake akiwa karibu kwa kuona lakini siyo kwa kusikia. Usianze na lori ya Maracha, usianze na kofi ya askari wa Aru, hayo ni mapambo, utamwambia siku ingine kama atataka kucheka. Anza hivi: nilikudanganya, nilijua Jumamosi uliponiuliza, nikasema iko sawa. Halafu unyamaze. Najua hiyo ya kunyamaza ndiyo itakuuma zaidi. Akikufukuza, usiende mbali, kaa barabarani mpaka hasira ishuke, kwa sababu kuna kazi na siku ni chache.

Kazi ni hii. Kabla ya kuondoka Arua, nenda kwa Mwalimu Ayikoru. Mwambie yote, kama ulivyoniambia mimi. Mwombe apande na wewe. Kama hawezi, mwombe akukalishe mpaka uweze kueleza "had" bila kuongeza kitu chako, hata chumvi. Kisha wewe na Rabia mpitie hiyo kompozisheni mstari kwa mstari. Msimwondoe baba yake "had" zote. Mimi si mwalimu, lakini nimeelewa barua yako: kitu kilichotangulia kingine ndicho kinaipata. Basi yule mzee anazo zake za haki. Kabla familia haijarudi nyumbani, alikuwa ameshalima mashamba ya watu ndiyo wakala. Kabla binti yake hajashika kalamu, alikuwa ameshambeba kuvuka mpaka. Aandike hayo. Kukohoa kwake kuende kwa miguu kama kukohoa kwa watu wote.

Kwa muzee uende baada ya Rabia kukubali, na yeye akiwepo. Simama, usikae mpaka akuambie. Mwambie ulidanganya juu ya Kingereza, lakini wale watu walipopita wakamsalimia hukuwalipa, walitaka wenyewe, walikuwa wanatafuta tu mahali pa kuiweka heshima yao na wewe ukawapa mahali pasipofaa. Wana Kinubi, wana Kikakwa, wana hii Kiswahili yetu, na magoti ya kupiga wakisalimia bado wanayo. Kama darasa lako linataka kumheshimu, limsalimie kwa hizo kila Jumamosi kabla ya somo, na wewe uwe wa kwanza. Akikuambia uondoke kwa baraza yake, ondoka, hamisha darasa sokoni, harufu haijaua mtu. Lakini huyu alikuwa sajini, amewahi kusikia askari akikiri, na nafikiri anajua tofauti ya yule anayekiri kabla ya kukamatwa na yule anayekiri baadaye.

Darasa lenyewe usilifunge. Ukikosa somo, sema nimekosa somo. Uza samaki. Na kalamu uiwekee wino.

Maneno ya wazee wako kwenda kuongea, nyamaza nayo. Usimwombe mtu mkono siku ambayo amegundua umemdanganya, na usimwombe siku anaondoka kwenda intaviu, asije akafikiri ukweli wako ulikuwa na bei. Mwache aende, mwache arudi, amepita au ameshindwa. Baada ya hapo muulize yeye kabla ya baba yake. Akikataa, utakuwa umekataliwa kwa jina lako, siyo kwa jina la Ticha.

Jambo la mwisho. Umeniomba nifiche jina, nimeficha. Majina ya wengine uliyaficha mwenyewe, vizuri. Lakini samaki, nyongeza, muzee na "had" sikuweza kuvificha, ningevitoa barua yote ingeisha. Na wewe ulijua hivyo ulipoiandika, kwa sababu hakuna mtu anayeandika kurasa zote hizi kwa gazeti kama hataki mtu fulani asome. Ulitaka mimi nikusemee. Mimi sisemei mtu mzima.

Gazeti hili linafika Arua Alhamisi. Koboko linafika Jumamosi na lori ya soko, na nimeambiwa huko wanafungua ukurasa huu kabla ya ule wa mpira. Una Ijumaa nzima. Fika kwa Rabia kabla yangu.